Toileti pepa na tishu zisizoharibu mazingira: mwongozo wa nyumba za pwani, kuanzia kopo mpaka karo

Mwaka juzi, siku nne kabla ya Idi, chemba ya nyumba yetu hapa Makorora, Tanga, ikafurika. Nyumba ina wapangaji watatu na sisi, karo ni moja, na siku zenyewe ndo kila mtu anapokea wageni. Fundi akaja, akafunua mfuniko, akachokonoa na ubao akatoa kitu kirefu cheupe kimesokotana kama kamba ya ng'ombe. Mi nikasema basi ndo hizi toileti pepa zinazotumika ovyo. Akanijibu, "Mama, toileti pepa ingekuwa ishayeyuka zamani, hizi ni waipsi za mtoto na yale matishu manene ya jikoni." Gari la kunyonya likaitwa, na hela ya nguo za Idi ikaingia shimoni, yaani shimoni kweli kweli.

Toka hapo nikaanza kufuatilia haya mambo ya karatasi za chooni, zinatengenezwa na nini, zinaenda wapi, ipi inunuliwe na ipi iachwe dukani. Haya ndo niliyoyapata, fuata hatua kwa hatua ila ukiona hatua haikuhusu iruke.

HATUA YA 1: Anza na kopo

Kabla hujauliza toileti pepa gani ni rafiki wa mazingira, jiulize unahitaji karatasi kiasi gani. Wenzetu Ulaya na Marekani sa hizi ndo wananunua vifaa vya kunawia chooni kwa bei mbaya, sisi watu wa pwani kopo tumelikuta kwa bibi. Kutawadha kwa maji ni mila na ni dini, na ni usafi hata kwa asiyekuwa Muislamu. Shida ni kwamba watu wengi tunatumia maji halafu tunavuta karatasi nyingi kama vile maji hatujayagusa.

Ukishanawa, karatasi inabaki na kazi moja tu, kukausha. Vipande vitatu au vinne vinatosha, ila UKUNJE, usifinyange donge. Ukikunja unapata pande mbili tatu za kutumia, ukifinyanga nusu ya karatasi inaenda shimoni kavu kabisa. Niliwaambia watoto wangu hivyo wakacheka wiki nzima, lakini roli iliyokuwa inakwisha kwa siku tatu sasa inafika tano mpaka sita.

Kuna watu wanasema ah, maji nayo si rasilimali? Ni kweli, ila kopo ni lita moja tu, na kiwanda cha karatasi chenyewe kinakunywa maji mengi, sema tu huyaoni. Ukifunga shatafu, hakikisha kuna koki chini yake na uifunge baada ya kutumia, maana ule mpira ukibaki na presha usiku kucha iko siku utapasuka na utakuta korido imekuwa bwawa. Nyumba yenye wapangaji wengi mi nashauri kopo na ndoo yenye mfuniko, shatafu za bei chee hazikai.

Na hapo hapo nichomekee kitu. Maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka bwawa la Mabayani, bwawa linajazwa na mto Zigi, na mto Zigi unashuka kutoka Usambara ya Mashariki, kule misitu ya Amani. Kwaiyo mtu akikuuliza miti ya milimani inamhusu nini mtu wa Makorora, mwambie afungue bomba.

Wengine wanatumia vitambaa vya kukaushia badala ya karatasi. Inawezekana, na mama yangu mzazi hajawahi kuacha, anachana kanga kuukuu vipande vya kiganja, kila mtu na rangi yake, vinakaa kwenye kikapu. Masharti yake ni haya: kitambaa ni cha kukausha TU baada ya maji na sabuni, kikishatumika mara moja kinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko, kinafuliwa kwa maji ya moto na sabuni, kinaanikwa juani, jua la Tanga lenyewe linafanya nusu ya kazi. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo, kitambaa kitateleza na hakitanyonya maji. Na nyumba ikiwa na mtu anaharisha, vitambaa vyote pembeni, tumia karatasi mpaka apone. Hapo hamna mjadala, hasa masika.

HATUA YA 2: Jua karatasi yako inaishia wapi

Hii watu wanairuka na ndo ilinigharimu mimi. Kama una choo cha shimo, karatasi laini ya kawaida itaoza taratibu, ila kila unachotupa kinajaza shimo, na shimo likijaa kuchimba jipya mjini eneo hamna. Kama una karo, karatasi inatakiwa isambaratike haraka ili isikae kwenye bomba au kwenye chemba. Na kama bomba lako ni jembamba au fundi alilaza bila mteremko wa kutosha, basi hata karatasi nzuri weka kwenye ndoo yenye mfuniko, usione aibu, nyumba nyingi tu wanafanya hivyo.

Kujua kama karatasi inasambaratika chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana au jagi la mfuniko, tia maji nusu, dumbukiza vipande vinne, funga, tikisa kama sekunde ishirini. Toileti pepa nzuri inakuwa kama uji mwepesi, vipande vidogo vidogo vinaelea. Ikibaki nzima nzima imejikunja tu, hiyo sio ya kutupa chooni hata kama pakiti imeandikwa inafaa. Jaribu na tishu ya boksi, halafu ya jikoni, halafu waipsi, uone mwenyewe. Tishu za jikoni na nyingi za boksi zinatiwa gundi maalumu ya kuzifanya zisichanike zikilowa, ndo maana zinafuta meza vizuri na ndo maana zinaziba choo vizuri vile vile!

HATUA YA 3: Soma pakiti, usisome picha

Picha ya jani la kijani haina maana yoyote. Nilishanunua pakiti imechorwa majani, mti, na tone la maji, nimegeuza nyuma hakuna neno moja linalosema karatasi imetengenezwa na nini. "Inaoza" nayo haikuambii kitu, karatasi gani haiozi? Na alama ya TBS, yaani shirika la viwango la Tanzania, itafute, ni muhimu, ila inaongelea ubora wa bidhaa, sio msitu. Vile vile "imetengenezwa Tanzania" inaweza kumaanisha karatasi imeingia nchini ikiwa roli kubwa kama pipa, hapa ikakatwa na kufungwa tu. Sio vibaya, watu wanapata ajira, ila usidhani mti umetoka msitu wetu wa Sao Hill kule Iringa.

Cha kutafuta kwanza ni malighafi. Kuna aina tatu utakazokutana nazo.

Ya kwanza ni ya mti mbichi, yaani mti umekatwa ukageuzwa karatasi moja kwa moja. Hizi ndo nyeupe sana na laini sana, kwa kawaida wanachanganya nyuzi fupi za miti kama mkaratusi zinazoleta ulaini na nyuzi ndefu za misonobari zinazoshika isichanike. Tatizo ni hesabu yake: mti umekua miaka, unatumika sekunde tatu, na baada ya hapo haiwezekani kurudishwa tena kiwandani. Karatasi ya daftari inaweza kurejelezwa mara tano mpaka saba hivi kabla nyuzi hazijawa fupi mno, ya chooni safari yake ndo imeishia pale. Kule Marekani shirika la mazingira la NRDC toka 2019 linazipa chapa za tishu alama kuanzia A mpaka F kama mitihani ya shule, na lawama yao kubwa ni chapa zinazotumia miti ya misitu ya zamani ya kaskazini mwa Canada. Sisi chapa zao nyingi hatuzioni huku lakini kipimo chao cha kuangalia malighafi kwanza kinafaa popote.

Ya pili ni iliyorejelezwa, karatasi za ofisi, magazeti, maboksi, zinalowekwa, zinatolewa wino, zinakuwa uji, zinakuwa toileti pepa. Mara nyingi ina rangi ya kijivu kidogo na vidoa, na ndo watu wanaidharau, mgeni akikuta chooni ya kijivu unaona kama umeaibika. Mi nasema hii ndo chaguo la kwanza. Kama karatasi itatumika mara moja ikafa, bora ife ambayo ishatumika maisha yake yote kwanza. Ukiona imeandikwa asilimia, soma kwa makini: kuna mabaki ya kiwandani ambayo hayajawahi kumfikia mtumiaji, na kuna karatasi zilizotumika kweli na watu zikakusanywa. Hizo zilizotumika na watu ndo zina thamani zaidi kwa sababu ndo zinapunguza dampo. Kasoro yake moja, zile risiti za mashine zina kemikali ya kuvuruga homoni iitwayo BPA au ndugu zake, na zikichanganyika kwenye taka karatasi kiasi kidogo kinabaki. Ni kidogo, ila ndo sababu nyingine ya kunawa na maji kwanza ukabaki na vipande vitatu.

Ya tatu ni ya mianzi. Mwanzi ni jamii ya nyasi, ukikatwa unachipua wenyewe bila kupandwa upya na unakua haraka, kwaiyo kwa maandishi ni mzuri. Ila nyingi zinatengenezwa China, zinakuja na meli, bei juu, na usiamini kila pakiti. 2024 shirika la watumiaji la Uingereza liitwalo Which? lilipima chapa tano za tishu za mianzi, tatu zikakutwa hazina mianzi kama zilivyojitangaza, mbili kati ya hizo ilikuwa kiasi kidogo sana. Sasa kama Uingereza wanadanganywa, mimi na wewe je? Ukiikuta kwa bei sawa na nyingine na ina alama ya kuaminika, chukua. Kuilipia mara mbili kwa sababu ya picha ya panda, hapana.

(Watu wananiuliza na mkonge je, si tuko Tanga. Mkonge uliletwa huku 1893 na Mjerumani Richard Hindorf akiutoa Florida, na nyuzi zake ni ndefu na ngumu, zinafaa karatasi maalumu zinazotaka nguvu. Ila toileti pepa ya mkonge dukani kwa Mangi sijaikuta, na nikikumbuka jinsi kamba yake inavyokwaruza mkono sijui kama nina haraka nayo.)

Alama ya kuaminika ambayo inapatikana hata huku ni FSC, kile kimti chenye alama ya vema pembeni. FSC ni shirika la kukagua misitu, lipo toka 1993, na alama yake ina daraja tatu, zisome: ya 100% maana yake yote imetoka msitu uliokaguliwa, ya Recycled ni ya karatasi zilizorejelezwa, na ya Mix ni mchanganyiko wa misitu iliyokaguliwa, karatasi zilizorejelezwa na mbao nyingine zilizodhibitiwa. Mimi naanza na Recycled, halafu 100%, Mix ya mwisho ila bado ni afadhali kuliko jani la kuchora. Chini ya alama kuna namba inaanza na herufi C na tarakimu sita, hiyo unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya FSC na simu yako ukiwa umesimama pale pale dukani, itakuletea jina la kampuni. Isipotokea, au jina likawa la kampuni isiyohusika kabisa, rudisha kwenye shelfu.

Halafu weupe. Karatasi inang'arishwa kwa kemikali, na njia ya zamani ya gesi ya klorini ndo mbaya kuliko zote, inaacha sumu zinazoitwa dayoksini kwenye maji taka ya kiwanda. Siku hizi viwanda vingi vinatumia klorini dayoksaidi, wanaandika ECF, ni afadhali. Bora zaidi ni TCF, hiyo haina klorini kabisa, inatumia oksijeni, ozoni au haidrojeni peroksaidi. Ambayo haijang'arishwa kabisa ni ya rangi ya maboksi, hiyo ukiipata poa.

Zenye marashi na maua ya rangi achana nazo tu. Hazisaidii chochote na wanawake wengi zinawawasha.

HATUA YA 4: Pima, usihesabu roli

Wafanyabiashara wanajua tunahesabu roli. Roli kumi kwa bei ile, unaona umepata, kumbe imesokotwa kilegevu na kibomba cha boksi cha katikati kinene kama mkono. Hata "tabaka mbili" sio lazima iwe nene, kuna tabaka moja nzuri inaishinda tabaka mbili za utando wa buibui.

Fanya hivi. Nenda na roli kwenye mizani, kama huna ya jikoni muombe Mangi ya kupimia sukari, kwa mara moja hatakukatalia. Tuseme roli moja ni shilingi 600 ina gramu 70, kibomba gramu 8, karatasi yenyewe gramu 62, hapo unalipa kama shilingi 9.7 kwa gramu. Roli nyingine ni shilingi 1,000 ina gramu 125, kibomba gramu 7, karatasi gramu 118, unalipa kama 8.5. Hiyo ya elfu ndo rahisi, na imebeba boksi na nailoni kidogo kwa kila gramu unayotumia. Kibomba utakipima roli ikiisha, usianze kuifumua dukani kwa watu. Mi nilifanya hesabu hii kwa chapa nne za duka la jumla karibu na soko la Mgandini na ile niliyokuwa naidharau kwa miaka, ya kijivu, pakiti haina hata picha, ndo ilishinda.

Vipimo viwili vya haraka: chukua kipande ukitikise kwenye mwanga wa jua unaoingia dirishani, ukiona vumbi linaruka kama unga basi hiyo itakuachia vumbi mwilini pia, haifai. Na ukiwa na rafiki wakala wa pesa, muombe ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, mulika karatasi. Ikiwaka buluu kali ina dawa za kuongeza mng'ao, sio ile klorini niliyoisema juu. Ila tulia hapo, usihukumu haraka, iliyorejelezwa kutoka karatasi za ofisi nayo mara nyingi inawaka kwa sababu dawa ilikuwa tayari kwenye karatasi ya ofisi. Mti mbichi ikiwaka ndo wamejitakia wenyewe.

Nailoni ya pakiti: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania kuanzia 1 Juni 2019 lakini vifungashio vya bidhaa kama hivi havikuguswa, kwaiyo hamna ujanja sana. Chukua pakiti kubwa moja badala ya ndogo nyingi, ifungue juu tu kwa mkasi, halafu itumie kuwa mfuko wa ndani wa ndoo ya chooni. Usiichome uani, jirani ana mtoto wa pumu.

HATUA YA 5: Tishu nyingine zote

Waipsi ndo adui namba moja, nyingi zina nyuzi za plastiki, haziozi, na lile neno la kwamba unaweza kuzifulashi ni la kumfurahisha mnunuzi. London mwaka 2017, mtaa wa Whitechapel, walikuta kwenye mtaro wa maji taka donge la mafuta na waipsi lenye uzito wa tani 130 na urefu wa mita 250. Mita 250! Kwa mtoto tumia pamba au kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, waipsi ziwe za safari tu ukiwa kwenye basi, na zikitumika ziende kwenye taka. Mpangaji wangu mwenye mtoto alinuna kidogo nilipomwambia, nikamnunulia vitambaa kumi na mbili na beseni, tukaelewana.

Tishu za boksi: kwa mafua tumia na utupe, hapo karatasi inashinda kitambaa kwa sababu ya kuambukizana. Kwa jasho na mikono, rudi kwenye leso. Baba yangu alikuwa hatoki bila leso mfukoni, imepigwa pasi, mbili kwa siku.

Jikoni ndo pana upotevu mkubwa. Mafuta ya sambusa, kababu na viazi karai yachuje kwenye chujio la waya au kung'uto juu ya sufuria, dakika tano yamedondoka na unayarudisha kwenye karai. Usiweke vitafunwa juu ya gazeti, wino unashika kwenye mafuta. Kufuta meza ni kitambaa cha fulana kuukuu.

Kwenye shughuli, maulidi, harusi, hitima, siku hizi kila sahani inakuja na tishu tatu zimekunjwa ua. Birika na beseni na taulo begani kwa mtu wa kunawisha zilikuwa na kosa gani? Ukishindwa, weka tishu nyeupe zisizochapwa rangi, na ziwekwe mwisho wa meza, sio mkononi mwa kila mtu. Nimeona kwenye hitima ya shangazi tulipohamisha pakiti kutoka mezani kwenda mlangoni, zilizobaki tulizitumia mpaka arobaini.

HATUA YA 6: Kuhifadhi

Ukinunua jumla kumbuka hapa ni pwani, unyevu upo mwaka mzima, karatasi inavuta maji inakuwa na harufu ya chumba kilichofungwa. Usiweke chini ya sinki wala juu ya kabati la chooni. Vile vibomba vya boksi usitupe, simamisha kwenye trei, jaza udongo, panda mbegu za pilipili au nyanya, mche ukikua unaufukia na kibomba chake, kinaoza chenyewe.

Mimi roli naziweka kwenye ndoo kubwa ya rangi iliyooshwa, yenye mfuniko wa kubana, baada ya panya kutafuna mbili za juu akatengenezea kiota. Natia na karafuu tatu nne ndani kama mama alivyonielekeza. Panya hajarudi, sasa sijui ni karafuu au ni mfuniko.